Mama mkwe anasema paka ndiye kaleta mapunye, mume anataka atupwe. Nifanyeje?

SWALI

Shikamoo daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, wa tatu yuko njiani, mimba ina miezi mitano. Tunaishi Uyole, Mbeya. Mwisho wa Mei tulipoanza kuingiza mahindi ndani, panya walituzidi. Viroba vinatobolewa usiku, asubuhi unakuta unga umemwagika chini. Mama mmoja wa Mbalizi ambaye huwa tunauziana viazi akanipa mtoto wa paka, mzuri, mnene, manyoya ya kijivu. Binti yangu wa miaka sita akampa jina Kijivu, na tangu hapo hawaachani. Baridi ya huku wewe unaijua. Usiku anaingia naye chini ya blanketi, nikimtoa nakuta amesharudishwa.

Wiki chache baadaye binti akatokewa na viduara shingoni na ndani ya mkono, pembeni vyekundu, katikati kama ngozi inapona. Nikadhani ni jasho la sweta. Halafu na mimi vikanitoka, viwili mkononi na kimoja tumboni, hapo hapo ninapompakata huyo paka nikiota moto. Dukani walinipa tyubu ya krimu, wakasema ina dawa tatu ndani, inamaliza kila kitu. Kweli muwasho ulikwisha siku ile ile. Lakini sasa vya binti vimetanuka, pembe zake hazionekani vizuri tena, na vimetoka vidogo vidogo vingine.

Kaka yake wa darasa la tatu naye ana mapunye kichwani. Haya yalianza mapema, nadhani mwezi wa tatu. Ni mabaka yenye ukurutu mweupe, nywele zimekatika zimebaki vidoadoa vyeusi. Hayana usaha, hayamuumi, tunamnyoa tu.

Mama mkwe amekuja kutoka Tukuyu kunisaidia, yeye ana kisukari. Alipoona hivyo akasema ni paka, na kwamba manyoya yake yataniharibia mtoto aliye tumboni. Anataka tumpake mafuta ya taa, au oili chafu ya gari. Baba watoto yeye hataki mjadala, anasema atamtia kwenye kiroba akamwache sokoni Mwanjelwa. Nimemchunguza paka, ana kipara kwenye ncha ya sikio na kingine juu ya pua, kina magamba kama majivu. Hajikuni. Mama yake huko Mbalizi nilimwona, hana hata alama. Binti analia kila akisikia neno kiroba.

Naomba unisaidie, nimechoka kuwa katikati.

Mama wa wawili, Uyole


JIBU

Marahaba mama, na pole.

Nianze na la haraka, maana nahisi kiroba kimeshatafutwa: paka asitupwe. Sisemi hivyo kwa kumwonea huruma binti yako tu, ingawa hilo nalo lina uzito wake. Kinachowaambukiza sasa hakiko mwilini mwa Kijivu peke yake. Kiko kwenye blanketi, kwenye mkeka wa jikoni, kwenye sweta unalovaa ukimpakata. Manyoya yanayokatika hapo kwenye vipara yamejaa mbegu za fangasi, ndogo mno, na mbegu hizo zinaweza kukaa hai hadi miezi 18 zisipoguswa. Mkimpeleka Mwanjelwa leo, choa, yaani huo ugonjwa wa fangasi wa ngozi, kitabaki Uyole, panya watarudi kwenye mahindi, na mtoto wa mtu mwingine atamwokota paka mzuri wa kijivu aende kulala naye.

Kwa maelezo yako, Kijivu ana choa. Sijamshika, lakini kipara cha sikioni na puani, magamba, kutojikuna, na umri wake, vyote vinaelekea huko. Kwa paka, fangasi anayehusika ni karibu kila mara mmoja, Microsporum canis. Anakula keratini, yaani kile kinachojenga nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi, ndiyo maana unyoya unakatika badala ya kung'oka. Watoto wa paka ndio huugua zaidi. Dalili huchukua kati ya wiki 1 na 3 kujitokeza, kwa hiyo paka anaweza kukabidhiwa akiwa safi kabisa machoni na kumbe ameshaubeba. Yule mama wa Mbalizi hakukuuzia mbuzi kwenye gunia. Paka mkubwa huweza kutembea na mbegu kwenye manyoya bila kuwa na kipara hata kimoja, wala mwenye paka asijue.

Kwa binadamu, kutoka kugusana hadi kiduara kuonekana huwa ni siku 4 hadi 14 hivi. Linganisha na ulivyoandika: paka kafika mwisho wa Mei, wiki chache baadaye binti akatokwa shingoni na ndani ya mkono, kisha wewe, mkononi na tumboni. Ni sehemu zile zile zinazogusana na paka aliyepakatwa au aliyelazwa kifuani. Chini ya blanketi kuna joto, kuna unyevu wa jasho, na ngozi laini ya mtoto inasuguliwa usiku mzima na manyoya na sufi. Fangasi hahitaji zaidi ya hapo, mkwaruzo mdogo usioonekana unamtosha. Ndiyo maana miezi hii ya Juni na Julai, nyanda za juu zote kuanzia Makete hadi Mbozi, paka anapohamia kitandani, choa nacho kinahamia.

Kwa hiyo kwa binti na kwako, mama mkwe amepatia.

Kwa kijana wa darasa la tatu nina shaka sana. Soma tena barua yako mwenyewe. Mapunye yake yalianza mwezi wa tatu, na Kijivu alikuja mwisho wa Mei. Hayo peke yake yangetosha kumtoa paka kizimbani. Lakini pia ulivyoyaeleza, ukurutu mkavu, vidoadoa vyeusi vya nywele zilizokatikia usawa wa ngozi, bila uvimbe wala maumivu, ndivyo yanavyokuwa mara nyingi mapunye ya mtu kwa mtu. Huku kwetu Afrika Mashariki mapunye mengi ya watoto wa shule wanapeana wenyewe kwa wenyewe: kofia, kitana, kulaliana vichwa kwenye dawati, na mashine ya kinyozi inayopita kichwa hadi kichwa siku nzima bila kufutwa. Fangasi wa mnyama akiingia kichwani kwa mtoto, kwa kawaida mwili humkasirikia zaidi, panakuwa pekundu, panavimba, wakati mwingine panatokea bonge laini linalotoa usaha. Bonge hilo likitokea kwa mtoto yeyote, msilipasue mkidhani ni jipu. Ni la hospitali, na mapema, kwa sababu likiachwa huacha kovu na nywele haziotei tena hapo.

Basi nyumba moja inaweza kuwa na fangasi wawili waliokuja kwa milango miwili. Nalikazia hili kwa sababu mngemtupa paka, mkaona kichwa cha kijana hakiponi, mngeanza kutafuta mchawi.

Mimi ni daktari wa mifugo, mgonjwa wangu halali kwenye barua hii ni mmoja, yule mwenye mkia. Nyinyi wengine naomba mfike zahanati au kituo cha afya, na nitawaambia cha kutegemea huko. Majina ya dawa nayaandika kama yalivyo kwenye boksi ili usipotezwe dukani.

Kwanza kabisa, ile tyubu ya dawa tatu iache leo. Geuza boksi usome: ukikuta betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi. Inazima muwasho na wekundu, kwa hiyo unaona imefanya kazi, huku kinga ya ngozi imelazwa na fangasi anatanuka kwa raha. Ndiyo sababu vya binti vimepoteza umbo la duara na kuzaa vingine. Krimu hizi zinauzwa kila kona kama vile ni mafuta ya kujipaka, na sitaficha kwamba zinanikera. Ukifika zahanati sema wazi kwamba mmeitumia, maana imebadilisha sura ya ugonjwa na anayewaangalia anaweza kupotea.

Choa cha ngozi tupu hutibiwa kwa krimu ya fangasi peke yake, clotrimazole au miconazole, mara mbili kwa siku. Pakeni kiduara chenyewe na vidole viwili vya ngozi iliyo nje yake, na mkiona kimepotea endeleeni wiki moja au mbili zaidi. Kwa kawaida inachukua wiki 2 hadi 4. Watu wengi huacha ngozi ikishakuwa nzuri, mwezi ujao wanarudi kulekule. Kwenye zahanati mnaweza pia kupewa mafuta ya Whitfield, ni dawa ya miaka mingi na inafanya kazi, ila inachoma kidogo kwenye ngozi laini. Mweleze mhudumu kwamba una mimba hata kama haionekani chini ya sweta.

Kichwa cha kijana hakiponi kwa krimu, hata mkimpaka mwaka mzima, kwa sababu fangasi ameingia ndani ya unywele ambako krimu haifiki. Anahitaji dawa ya kumeza, griseofulvin au terbinafine, kwa wiki kadhaa, atakayoamua ipi ni aliyemwona. Akipewa griseofulvin ainywe pamoja na chakula chenye mafuta au na maziwa, ndipo mwili unapoifyonza vizuri. Wewe usiiguse kabisa, mimba na dawa hiyo havipatani. Akishaanza dawa, shule anakwenda kama kawaida, lakini kofia yake na kitana chake viwe vyake. Kinyozi naye, ama mnunue mashine yenu, ama mhakikishe anaisafisha kwa dawa mbele ya macho yenu. Kama zahanati ikishindwa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya haiko mbali nanyi, wanaweza kuchukua nywele na ukurutu wakaangalia kwa hadubini.

Sasa mgonjwa wangu.

Mafuta ya taa na oili chafu hapana. Namheshimu mama, na najua watu wengi wamekua wakiona ng'ombe na mbwa wakipakwa hivyo. Ila paka hujilamba mwili mzima kila siku, kwa hiyo chochote unachompaka unamlisha. Mafuta ya taa yanaunguza ngozi na yakiingia mapafuni yanaua. Oili iliyotumika ina mabaki ya vyuma. Dettol nayo ni sumu kwa paka. Na kuna kosa lingine la duka la mifugo: dawa ya kuogeshea ng'ombe. Nyingi zina jamii ya cypermethrin, ng'ombe anaoga na kwenda zake malishoni, paka anaanza kutetemeka na anaweza kufa. Hata hivyo hizo ni za kupe, choa haziligusi.

Paka wengi wenye afya hupona choa wenyewe, katika siku 60 hadi 100. Shida ni kwamba siku zote hizo anapukutisha mbegu nyumbani kwa mjamzito na watoto, kwa hiyo tunamtibu ili kufupisha. Mpeleke kwa daktari wa mifugo, au mwone afisa mifugo wa kata akuelekeze aliko. Mchukue kwenye boksi lenye matundu, si kifuani. Daktari akiwa na taa ya Wood, yaani taa ya mwanga wa urujuani, atazima mwanga wa kawaida na kummulika, unyoya ulioathirika na Microsporum canis mara nyingi hung'aa kijani cha tufaha tangu kwenye shina. Usipong'aa haimaanishi hana, atachukua manyoya machache kuangalia zaidi. Wapo wanaonunua tochi ndogo za kukagulia noti bandia wajifanyie wenyewe, halafu wananitumia picha: vumbi, nyuzi za blanketi na mabaki ya krimu, vyote vinang'aa. Hela yenu tumieni kwa dawa.

Dawa ya kumeza inayofaa zaidi kwa paka ni itraconazole, hupewa kila siku kwa wiki, wiki inayofuata anapumzishwa, mizunguko mitatu. Kipimo kinafuata uzito wake, na uzito wa paka wa miezi minne ni mdogo mno kwa kidonge cha mtu kukatwa kwa macho. Pamoja nayo aogeshwe mara mbili kwa wiki kwa dawa ya fangasi atakayopewa. Kwa baridi yenu fanyeni saa saba mchana, maji ya vuguvugu, mkaushe vizuri kwa taulo, akae juani au karibu na jiko hadi ukavu umfike kwenye ngozi. Kapaka kadogo kakilowa jioni ya Julai Uyole kanaweza kufa kwa baridi kabla choa hakijapona. Kazi hii afanye baba watoto. Alikuwa tayari kumbeba hadi Mwanjelwa, kumwogesha nyuma ya nyumba ni safari fupi zaidi. Avae shati moja la mikono mirefu la kazi hiyo tu, na anawe kwa sabuni akimaliza.

Kwa wiki hizo Kijivu akae chumba kimoja chenye sakafu ya saruji, mahali panapofagilika. Stoo ya mahindi inafaa, na ndiko alikoajiriwa. Muwekeeni boksi na vitambaa vya zamani apate joto, na watu wamtembelee, paka mdogo akifungiwa peke yake anakuwa mkali. Binti aruhusiwe kumsemesha na kumrushia uzi, kumpakata bado. Mwambieni Kijivu anaumwa na anatibiwa, mtoto wa miaka sita anaelewa hilo kuliko neno kiroba.

Usafi ndio nusu ya tiba, na ndipo wengi wanapochoka. Kinachotafutwa ni manyoya na magamba. Fagieni kila siku kwa kitambaa kilicholowa, ufagio mkavu unayarusha tu hewani yakatue kwingine. Mablanketi, mashuka na masweta yafuliwe kwa sabuni mara mbili, yakung'utwe nje kwanza. Maji si lazima yachemke. Bahati yenu Julai huko ni baridi lakini jua lipo, blanketi zito linakauka. Sakafu na kitanda cha mbao vikishafutwa manyoya, pitisheni jiki, kipimo kimoja kwa maji vipimo kumi, paendelee kuwa pamelowa dakika 10 ndipo mpafute. Madirisha wazi, wala msichanganye na dawa nyingine ya chooni. Harufu ile si ya mjamzito, wewe toka nje. Jiki kwenye uchafu halifanyi kitu, sabuni itangulie.

Nikujibu la mimba. Choa ni cha ngozi, hakipiti kwenda kwa mtoto aliye tumboni, na manyoya ya paka hayaharibu mimba. Huenda mama mkwe amesikia habari za toksoplazima, kimelea cha paka kinachoweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na hiyo ni kweli ipo, ila inapita kwenye kinyesi cha paka, na pia kwenye nyama isiyoiva na mboga zisizooshwa. Kinyesi kibichi cha leo bado hakiambukizi, huchukua siku 1 hadi 5. Kwa hiyo mtu mwingine akitoe kila siku, nawe ukilima bustani vaa glavu, nyama iive. Mtoto akizaliwa na vidonda vyenu bado havijapona, hapo jihadharini, ngozi ya kichanga hupata haraka.

Mama mkwe mwenyewe asimguse paka kabisa, kisukari kinafanya vidonda na fangasi vichelewe kupona, na blanketi la binti asilitumie. Mkaguaneni wote, baba watoto naye, mgongoni na kichwani. Akikwambia kwao Tukuyu kuna ndama mwenye magamba mazito ya kijivu kuzunguka macho, mwambie hilo nalo ni choa, fangasi wa jamaa hiyo hiyo aitwaye Trichophyton verrucosum, na wakamuaji wa Rungwe na Njombe hulipata sana mikononi na shingoni.

Ukikutana tena na mama wa Mbalizi, mwambie kwa upole amkague yule paka wake mkubwa na awaulize wengine aliowapa watoto wa uzao ule. Na mkiwa kwa daktari kwa ajili ya choa, Kijivu achomwe chanjo ya kichaa cha mbwa siku atakayoambiwa ameshapona, maana paka wa stoo hukutana na mbwa na paka wa mtaani.